Sura ya Nne: Dalali Aliyepokea kwa Mlio wa Kwanza

Ndani ya nyumba kijiko kiligonga ukingo wa kikombe, kikanyamaza, kikagonga tena. Aliyekuwa akikoroga hakuwa na haraka. Mpelelezi alisimama gizani nje ya mlango wa jikoni, akisikiliza. Hakubisha, maana aliombwa asibishe.

"Uje kabla majirani hawajaamka," mwenye nyumba alimwambia kwa simu jana yake jioni. "Na gari lako uliache kule barabarani."

Komeo likavutwa kabla hajainua mkono.

"Nimesikia viatu vyako," alisema mama aliyefungua. Alikuwa mfupi, mnene, amevaa sweta juu ya gauni la kulalia, na nywele zake nyeupe amezifunga kitambaa. "Pita, baba. Kanyaga pembeni, sakafu bado mbichi."

"Umepiga deki saa hizi, Sista?"

"Usingizi ukikataa mtu afanye nini? Ahesabu mbao za dari?"

Mtaa mzima walimwita Sista. Alikuwa muuguzi wa wodi ya watoto kwa miaka thelathini na minne, akastaafu mwaka jana. Mpelelezi naye, kituoni kwake, alijulikana kwa jina la Taratibu. Alipewa jina hilo kwa sababu aliuliza kila swali mara mbili, na kati ya mara ya kwanza na ya pili aliweza kumaliza chai. Wenzake walimcheka, lakini majalada magumu waliyasukumia mezani kwake.

Hili lilikuwa limeanza kama jepesi. Miezi miwili iliyopita karibu kiinua mgongo chote cha Sista kilihamishwa kwa mkupuo mmoja kutoka benki kwenda kwa dalali wa hisa wa mtandaoni. Baada ya mwezi dalali huyo akatoweka. Wiki tatu zilizopita Sista alikuja kituoni, akaandikisha kwamba aliyehamisha pesa hizo kwa simu yake ni mke wa mwanawe. Tangu siku ile mkwe alikuwa amehama nyumba pamoja na mtoto. Mume wake, fundi wa magari, alikuwa analala gereji, kwa sababu hakuweza kulala kwa mama wala kwa mke.

Saa nane mchana wa leo jalada lilitakiwa kwa mwendesha mashtaka. Kama jina la mkwe lingekuwa bado limo, kesho angepandishwa kizimbani. Taratibu aliomba siku tatu zaidi. Alipewa mpaka saa nane.

Sista aliweka vikombe mezani. Viwili, halafu cha tatu. Akakitazama hicho cha tatu, akakirudisha kabatini.

"Nisimulie tena," alisema Taratibu. "Tangu siku ulipotaka kununua hisa."

"Si nilishasimulia? Mliandika kurasa tatu."

"Kurasa nimezisoma. Sasa nataka kusikia."

Sista alimsogezea sukari. "Siku ya kuniaga, metroni wetu wa zamani alisema pesa ya benki inalala usingizi, lakini ukiwa na hisa za kampuni nzuri unapata gawio kila mwaka. Nikasema na mimi nijaribu. Sikutaka utajiri, baba. Nilitaka gawio la kumlipia mjukuu wangu shule, ili mwanangu apumue."

"Kwa nini dalali wa mtandaoni? Wapo wenye ofisi."

"Ofisi zao zote zina ngazi. Magoti haya hayapandi ngazi kwenda kutoa pesa. Kwenda kupokea, labda."

Taratibu alitabasamu. "Ulimchaguaje?"

Sista alisimama, akafungua droo ya kabati. Ndani, kila karatasi ilikuwa mahali pake: bili za maji zimebanwa peke yake, za umeme peke yake, kadi za chanjo za mwanawe aliyekuwa sasa na miaka thelathini na sita zimo ndani ya bahasha safi. Akatoa daftari la jalada gumu.

Alikuwa amelichora kama chati ya wodini. Kushoto, majina ya madalali watatu. Juu, safu za rula: namba ya leseni, ada ya kununua, ada ya kuuza, kiasi cha chini cha kuanzia. Taratibu alijua vijana wenye digrii ambao hawakufanya hata nusu ya kazi hii kabla ya kumpa mtu pesa zao. Lakini ilikuwepo safu ya mwisho, pana kuliko zote, yenye kichwa: Wanavyopokea simu.

Kwa dalali wa kwanza aliandika: Miito saba. Wakanipigia muziki. Kwa wa pili: Wamepokea. Wanataka picha ya kitambulisho upya, eti haionekani vizuri. Mara ya tatu hii. Kwa wa tatu: Mlio wa kwanza. Kijana mpole. Ameuliza hali ya magoti.

"Safu hii ilikuwa ya nini?" aliuliza.

"Wodini unamjua mtu wa maana kwa namna anavyoitikia kengele. Anayekuja upesi ndiye anayejali."

"Kwa hiyo huyu wa tatu alipata alama nyingi."

"Alipata zote." Sista alishusha macho. "Lakini sikuwa mjinga. Niliangalia leseni. Orodha ya madalali walioruhusiwa ipo kwenye tovuti ya mamlaka ya soko la hisa. Nililinganisha namba aliyonipa, tarakimu kwa tarakimu, kama tunavyolinganisha utepe wa mkononi mwa mtoto na faili lake kabla ya kumpa dawa. Ilikuwa sawa sawa."

"Ilikuwa sawa," Taratibu alikubali. "Leseni ni ya kweli. Nimeonana na mwenye leseni. Ni kampuni ya miaka ishirini, haijawahi kusikia jina lako. Huyo kijana alichukua tu namba yao na jina lao, akatengeneza tovuti yake."

Sista alifuta tone la chai mezani kwa kidole.

"Wodini, mkishalinganisha utepe na faili, mnampa mtoto dawa?"

"Hapana." Alijibu haraka, kama mwalimu. "Kuna hatua ya tatu. Unamuuliza mama yake: huyu anaitwa nani? Maana utepe unaweza kufungwa mkono usio wake. Imewahi kutokea."

"Na hapa mama wa mtoto alikuwa nani?"

Nje jogoo mmoja aliwika, akaacha katikati.

"Mamlaka," alisema Sista. "Simu yao imeandikwa pale pale juu ya orodha. Ningewauliza, je, huyu anayenipigia ndiye wenu?" Akafunga daftari, akaliwekea viganja juu. "Miaka thelathini na minne nimewafundisha wanafunzi hatua hiyo. Kuna niliowatoa machozi kwa kuisahau."

Taratibu alimwacha anywe chai.

"Lakini kuchagua vibaya ni kitu kimoja," Sista akaendelea, sauti imekaza kidogo. "Kutuma ni kingine. Mimi sikutuma. Programu kwenye simu aliniwekea mkwe. Namba ya siri anaijua. Na wiki ile ile akaingiza cherehani mpya humu ndani, inang'aa kama gari la harusi."

"Pesa zilitoka saa tatu na nusu asubuhi. Wewe ulikuwa wapi?"

"Kliniki ya magoti. Simu niliiacha hapa inachajiwa."

"Niione kadi ya kliniki?"

"Imepotea."

Taratibu alitazama ile droo iliyokuwa bado wazi, na bahasha ya kadi za chanjo za miaka thelathini na sita. Alimaliza chai yake.

"Sista, kadi ya kliniki iko wapi?"

"Nimesema imepotea, baba." Akainuka kuosha vikombe.

*

Benki ilifunguliwa saa mbili na nusu. Taratibu alikuwa wa kwanza mlangoni, na barua ya mahakama mkononi. Mkuu wa tawi aliisoma mpaka mhuri, akaigeuza nyuma kuona kama kuna kingine.

"Afande, tuliwajibu wiki tatu zilizopita. Muamala ulitoka kwenye simu ya mteja, kwa namba ya siri ya mteja. Mfumo uliruhusu."

"Nakumbuka. Mfumo uliruhusu."

"Ndiyo hivyo."

Taratibu alivuta kiti, akakaa. Akatazama kalenda ukutani, akatazama mti mdogo wa plastiki pembeni ya meza. Mkuu wa tawi akapanga kalamu zake.

"Mfumo uliruhusu baada ya nini?" aliuliza Taratibu.

"Samahani?"

"Kiasi kikubwa namna ile, mstaafu, hajawahi kutuma hata robo yake. Mfumo uliruhusu tu? Au kuna kitu kilifanyika kwanza?"

Mkuu wa tawi alishika kidevu. "Aa. Kiasi kikishapita kiwango fulani, kitengo cha simu humpigia mteja athibitishe."

"Simu hizo zinarekodiwa?"

"Kwa miezi sita."

"Wiki tatu zilizopita hamkuniambia."

"Wiki tatu zilizopita hukuuliza baada ya nini," alisema yule bwana, kisha akaona haya. "Samahani, afande. Ngoja nimwite binti."

Binti wa kitengo cha simu alikuwa na vipokea sauti bado shingoni. Alipoambiwa jina la mteja hakuhitaji kutafuta tarehe.

"Mama muuguzi," alisema. "Yule namkumbuka."

Alifungua rekodi kwenye kompyuta. Kwanza sauti yake mwenyewe, ya kazini, ikisalimia, ikiuliza jina na tarehe ya kuzaliwa. Kisha ile sauti nyingine, nene, changamfu, ambayo Taratibu alikuwa ameiacha ikiosha vikombe saa tatu zilizopita.

"Ndiyo mimi, mwanangu. Ndiyo, nimetuma mimi."

"Mama, hii ni pesa nyingi. Unamfahamu unayemtumia?"

"Ni dalali wangu wa hisa. Ana leseni, nimeikagua."

"Sawa, mama. Samahani kwa kuuliza, ni utaratibu tu. Kuna mtu yeyote anakushinikiza?"

Kicheko. "Mwanangu, mimi nimewafungia madaktari mlango wa wodi. Nani wa kunishinikiza? Ruhusu."

Rekodi ikaisha. Mkuu wa tawi alikohoa.

"Rudia," alisema Taratibu.

"Yote?"

"Yote. Ongeza sauti."

Mara ya pili hakusikiliza waliokuwa wanaongea. Alisikiliza nyuma yao. Baada ya neno "nimeikagua" kulikuwa na sauti nyingine, ya mbali kidogo na simu, ya mwanamke kijana anayeongea haraka: "Mama, subiri kwanza. Tuwapigie mamlaka kwanza, mama, nakuomba." Halafu mfifio, kama kiganja kimefunika simu, na ndani ya mfifio huo maneno ya Sista yalisikika bado: "Nyamaza. Ukimwambia mume wako, mimi na wewe basi." Kiganja kikaondoka. "Endelea, mwanangu."

Saa iliyoandikwa kwenye rekodi ilikuwa tatu na dakika thelathini na mbili.

Taratibu aliandika tarehe, saa, na maneno kama yalivyokuwa. Binti alinakili rekodi, akamkabidhi. Hakuondoka.

"Afande, siku ile nilimfikiria mpaka jioni. Nilitaka kumpigia tena. Nikaona nitamuudhi." Alikuwa anakunja waya wa vipokea sauti kidoleni. "Ningempigia tu."

"Ulimuuliza kama anashinikizwa. Kwenye karatasi yenu ya maswali hilo halimo, nimeitazama."

"Halimo. Nimeliongeza mimi. Nina bibi."

"Basi liendelee kuwepo," alisema Taratibu, na akampa mkono.

*

Chumba alichohamia mkwe kilikuwa nyuma ya duka la kuchapa kadi. Kitanda kimoja, jiko dogo, na karibu na dirisha ile cherehani. Haikung'aa sana. Taratibu aliona mara moja alama za rangi iliyopakwa upya juu ya kutu.

Mwenyewe alikuwa anashona kola ya sare ya shule. Hakuacha.

"Umekuja kunichukua, afande? Ngoja nimalize upande huu. Mwenye shati anapita saa sita."

"Malizia."

Mashine ikaenda. Alikuwa mwembamba, na pini nne zimechomekwa kifuani kwa mstari. Alipofika mwisho wa mshono akakata uzi kwa meno.

"Mtoto yuko shule," alisema. "Ukinichukua kabla hajatoka, naomba apelekwe kwa bibi yake, asipelekwe kwa jirani. Bibi yake anajua anavyokula."

"Cherehani hii umeipata wapi?"

"Kwa fundi aliyefunga duka. Ya mtumba. Nimeilipa kwa mafungu matatu." Aliinama, akatoa karatasi iliyokunjwa kutoka kwenye kopo la vifungo. Fungu la kwanza lilikuwa la miezi mitatu kabla pesa za Sista hazijatoka. La mwisho ndilo la wiki ile.

"Kwa nini hukutuonyesha hii?"

"Mliniuliza cherehani ni ya nani. Nikasema ni yangu. Mkaandika."

Taratibu alikaa kwenye ukingo wa kitanda, kwa sababu kiti kilikuwa kimoja. Alitoa simu yake, akaiweka juu ya meza ya kushonea na kufungulia rekodi. Mkwe alisikiliza mpaka ilipofika sauti yake mwenyewe. Akaweka mkono juu ya gurudumu la mashine, akauacha hapo.

"Ulikuwa naye palepale."

"Nilikuwa nimeshika mwiko. Nilikuwa napika uji."

"Ulijua tangu mwanzo kwamba ametuma mwenyewe."

"Nilijua."

"Na umeandikwa mwizi wiki tatu, umenyamaza."

"Niliapa sitamwambia mume wangu."

Taratibu alingoja. Nje mashine ya kuchapa ilikuwa inatoa kadi, moja moja.

"Ulinyamaza kwa nini?" aliuliza tena, kwa sauti ya chini zaidi.

Mkwe alizitoa pini kifuani, akazichomeka upya zile zile.

"Binti yangu alizaliwa hajui kunyonya. Mimi nilikuwa nalia tu, sina maana. Mama alichukua likizo yake yote, akakaa naye siku tisa. Alimnywesha kwa bomba la sindano lisilo na sindano, tone kwa tone, usiku na mchana. Watu wakija kutazama, anawaambia: mama wa mtoto anafanya vizuri sana. Mimi! Nilikuwa hata sijui kumshika." Aliguna kidogo. "Mtu kama huyo nimsimamishe mbele ya mwanawe niseme amedanganywa na sauti ya simu? Nilisema moyoni, atasema mwenyewe. Akipoa atasema. Dalali alipotoweka mume wangu akauliza nani katuma. Mama akamjibu, muulize mkeo. Nikangoja. Siku ya kwanza nikangoja, ya pili nikangoja. Wiki haijaisha, mkaja nyinyi na karatasi."

"Na mume wako?"

"Alinitazama. Hakusema neno. Hilo ndilo lililonihamisha, afande. Si maneno ya mama."

Aliipindua kola, akaitazama kwenye mwanga.

"Najuta kitu kimoja," alisema. "Siku ile nilikuwa na mikono miwili. Ningeichukua ile simu. Angenifukuza, lakini angenifukuza akiwa na pesa yake."

Taratibu alitazama saa. Ilikuwa inakaribia saa sita.

"Nampigia mume wako tukutane kwa mama," alisema. "Nakuomba na wewe uje."

"Sare ya mtoto ya michezo iko kule," mkwe alijibu. "Nitaijia hiyo."

*

Fundi wa magari alifika na ovaroli, mafuta mpaka viwikoni, akakataa kukaa asichafue kiti. Mkwe alisimama karibu na mlango. Sista alikuwa amebadilisha nguo, amevaa gauni la kutokea. Aliwatazama wote watatu, akajua.

"Imepatikana wapi?" alimuuliza Taratibu.

"Benki. Wanarekodi."

"Yule binti mwenye adabu." Akatikisa kichwa polepole. "Weka."

"Si lazima tuisikilize wote, Sista. Unaweza kunieleza tu, niandike."

"Weka, baba. Mimi nimesema mbele ya watu kwamba ni mwizi. Na hii waisikie watu."

Akaiweka. Fundi alisikiliza huku ametazama chini. Ilipofika "Mama, subiri kwanza," akainua uso kumtazama mkewe, naye akageukia dirishani. Ilipofika "mimi na wewe basi," Sista alifumba macho. Kicheko chake mwenyewe kiliijaza sebule, kikaisha.

Aliingiza mkono mfukoni, akatoa kadi ya kliniki, akaiweka mezani. Tarehe ya kliniki ilikuwa siku moja baada ya pesa kutoka.

"Haijapotea," alisema. "Nilishindwa kuichana. Kadi ya hospitali, mkono ulikataa."

"Mama," alisema fundi. "Kwa nini?"

"Unakumbuka ulichoniambia nilipopata kiinua mgongo? Ulisema, mama, nipe nikusimamie, mambo haya ya sasa utaibiwa."

"Nilisema kwa wema."

"Najua. Ulisema kwa wema, nami nikasikia kwamba nimezeeka. Nikataka nikuonyeshe daftari langu. Nikuonyeshe gawio la kwanza, nikwambie, haya, lipa shule." Alinyoosha kitambaa cha meza palipokuwa pamenyooka. "Pesa zilipopotea ukauliza nani katuma. Neno moja lilinitoka. Nilidhani nitalirudisha jioni. Jioni ikapita. Kesho yake nikalisema tena, likawa jepesi kidogo. Siku nilipokwenda kituoni, nilikuwa karibu kuliamini."

Kalamu ya Taratibu ilikuwa inaandika.

"Unaandika nini, baba?"

"Uliyosema. Utasoma, utaweka sahihi. Lakini lazima nikwambie, kuandikisha taarifa ya uongo ni kosa."

"Liandike hilo pia. Usiniache kwa sababu ya mvi."

"Nitaandika kwamba umeirekebisha mwenyewe, kabla ya mtu kupelekwa mahakamani. Hilo nalo ni kweli. Kuamua ni kazi ya mwendesha mashtaka."

Sista alisoma maelezo yote kwa miwani puani, akamrekebisha tarehe moja, akaweka sahihi ya muuguzi, inayosomeka. Taratibu alitoka barazani kupiga simu. Ilikuwa saa saba na nusu. Alisema jina la mkwe litoke kwenye jalada, na alirudia sentensi hiyo mara mbili, na aliyekuwa upande wa pili akairudia pia ili aiandike.

Alipoingia ndani aliwaeleza na lililobaki. Laini ya yule kijana mpole ilisajiliwa kwa kitambulisho cha marehemu. Pesa zilipita akaunti nne kwa siku moja. Katika ya mwisho benki ilikuta kidogo, labda sehemu ya kumi, ikaizuia. Angeendelea kumtafuta. Hakuwaahidi zaidi ya hapo.

"Sehemu ya kumi," alisema Sista. "Ikirudi, ni ya shule ya mtoto. Na mikononi mwangu isipite. Aipokee mama yake." Akageuka kumtazama mkwe usoni, kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Mwanangu, nimekukosea. Nilikuvua nguo mbele ya watu, na wewe ulikuwa unanifunika. Sina la kuongeza."

"Nimesikia, mama."

"Chumba chako kiko kama ulivyokiacha. Sikugusa kitu."

Mkwe alikuwa ameshikilia ile sare ya michezo, imekunjwa, na viatu vya mpira juu yake. Fundi alipiga hatua moja kuelekea kwake, akasimama.

"Chumba cha kule nimekilipia miezi sita," mkwe alisema. "Wateja wamekizoea. Mtoto naye amezoea njia ya shule." Sauti yake haikuwa na ukali, na pengine hilo ndilo lililomfanya mumewe aangalie ukuta. "Sijakasirika, mama. Ila siwezi kulala hapa. Nikilala hapa nitakuwa nasikiliza kila mtu anasema nini."

Sista aliitikia kwa kichwa. Hakubisha. Alikuwa amewahi kuwaambia watu wengi mambo wasiyotaka kuyasikia, na alijua kuyapokea.

"Mtoto atakuja Jumamosi," mkwe aliongeza. "Baba yake atamleta."

"Asante. Asante sana."

Taratibu alichukua kofia yake na bahasha, akaaga, akatangulia nje. Nyuma yake alimsikia mkwe akivaa viatu kizingitini, bila haraka, na mlango ukibaki wazi baada ya yeye kushuka ngazi ile moja ya baraza. Mkwe alikuwa ameshafika kwenye geti, sare kifuani, Sista alipotoka nje kwa miguu mitupu, akajishikilia kwenye nguzo.

"Mwanangu."

Mkwe akageuka.

"Uje tena," alisema Sista. "Hata siku mtoto yuko shule. Uje wewe."